Kuchangia msimbo kwenye Django: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza

Django ni fremu ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ilizaliwa ndani ya gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa hadharani Julai 2005 kwa leseni ya BSD. Ukurasa huu unaitumia kama mfano kwa sababu utaratibu wake wa kupokea michango umeandikwa kwa kina, na kwa sababu ina watu wengi huku kwetu: DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar, Novemba 2023. Miradi mingine huria ina njia zake, lakini ukishaizoea hii, nyingine hazitakushangaza sana.

Lazima niwe fundi wa Python ndipo nichangie?

Hapana. Inatosha uwe unasoma madarasa, vighairi na dekoreta bila kukwama, na uwe umewahi kujenga walau mradi mmoja wa Django hadi ukafanya kazi. Upande wa Git, ujue kuunda tawi, kufanya komiti, kusukuma, na rebase (kuzihamishia komiti zako juu ya msimbo mpya wa mradi). Hii rebase wengi huikwepa, na hapa hutaweza kuikwepa.

Uwezo unaotumika zaidi ni kusoma msimbo wa mtu mwingine. Rekebisho la mistari mitatu linaweza kukudai usome faili nne. Kwa hiyo chagua eneo. Sehemu za fomu, admini, vichujio vya violezo na amri za `manage.py` zinasomeka bila shida kubwa. Folda ya `django/db/models/sql` iache kwanza: hitilafu za ORM (sehemu inayogeuza msimbo wa Python kuwa hoja za SQL) huonekana ndogo juu, ukichimba unakuta hoja tano zinazotegemeana.

Mbona GitHub sioni sehemu ya Issues?

Imezimwa. Msimbo uko GitHub (`django/django`), lakini hitilafu zinaandikwa kama tiketi kwenye Trac, kwa anwani ya code.djangoproject.com. Unaingia kwa akaunti yako ya GitHub.

Kila tiketi ina hatua. *Unreviewed* maana yake hakuna aliyethibitisha kama ni hitilafu kweli. *Accepted* imekubaliwa, inasubiri mtu wa kuifanya. *Ready for checkin* imeshahakikiwa na mtu mwingine, inasubiri kuunganishwa. *Someday/Maybe* ni wazo lisilokataliwa wala kusukumwa. Mgeni afanye kazi kwenye *Accepted* tu. Kuandika msimbo wa tiketi iliyo *Unreviewed* ni kucheza kamari na muda wako, kwa sababu inaweza kufungwa kesho kwa *wontfix* (haitarekebishwa) au *duplicate* (ipo nyingine kama hiyo).

Tiketi za wanaoanza ziko wapi?

Kuna alama inaitwa *Easy pickings*. Ichuje kwenye Trac, lakini usitegemee kukuta nyingi: watu wanaozivizia ni wengi, na tiketi mpya ya aina hiyo inaweza kuchukuliwa siku hiyohiyo.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawaugongi. Chuja tiketi zilizo *Accepted*, zenye alama ya *Has patch* pamoja na *Patch needs improvement* au *Needs tests*, ambazo hazijaguswa kwa miezi mingi. Hizo ni kazi zilizoachwa njiani. Mtu aliandika suluhisho, mhakiki akatoa maoni, mwandishi akapotea. Sehemu ngumu, yaani kujua tatizo liko wapi, imeshafanyika. Soma maoni yote kuanzia juu, fungua PR ya zamani (pull request, ombi la kuunganisha msimbo kwenye mradi), andika orodha ya yale ambayo mhakiki aliyataka, kisha uyamalize. Kwenye komiti yako mtaje mwandishi wa kwanza kwa mstari wa `Co-authored-by:`. Hiyo ni haki yake.

Tiketi ninayoitaka ina mwenyewe tayari. Nifanyeje?

Angalia mara ya mwisho aliandika lini. Kama ni wiki hii, tafuta nyingine. Kama kimya kimedumu kwa wiki kadhaa au miezi, acha maoni ya kumuuliza kama bado anaifanyia kazi, subiri siku chache, kisha ujiandikishe. Chini ya tiketi, kwenye sehemu ya *Action*, kuna chaguo la kuikabidhi kwa jina lako. Ukishindwa huko mbele, rudi hapohapo ujitoe. Kujitoa si aibu. Linaloudhi watu ni jina kukaa juu ya tiketi mwaka mzima bila mstari mmoja wa msimbo.

Nina wazo la kipengele kipya. Nitume PR moja kwa moja?

Usitume. Kipengele kipya hujadiliwa kwanza na jamii ya Django, na PR inayotua bila mjadala hufungwa hata kama msimbo wake ni mzuri. Mara nyingi jibu huwa kwamba kitu hicho kikae kama kifurushi cha pembeni. Hitilafu ni jambo jingine: tafuta kwanza kama tiketi yake ipo, kisha fungua mpya ikiwa na mradi mdogo kabisa unaoonyesha tatizo, modeli moja na mistari kumi ya msimbo, pamoja na toleo la Django na la Python. Ukijibiwa *wontfix* usiifungue upya mwenyewe. Peleka hoja kwenye mjadala.

Bando langu ni dogo. Kupakua Django kunakula kiasi gani?

Hazina nzima pamoja na historia ni kama MB 250. Ukiacha historia inashuka hadi kama MB 70. Bonyeza *Fork* kwenye GitHub upate nakala yako, kisha:

```
git clone --depth 1 https://github.com/JINA_LAKO/django.git
cd django
git remote add upstream https://github.com/django/django.git
```

Gharama ya `--depth 1` utaiona baadaye. `git bisect`, amri ya kutafuta komiti iliyovunja kitu, haitakuwa na historia ya kutafuta ndani yake, na rebase inaweza kugoma kwa kukosa komiti ya pamoja kati ya tawi lako na `main`, tawi kuu la mradi. Yakikupata hayo, subiri bando la usiku, kisha andika `git fetch --unshallow`. Historia iliyobaki itashuka bila kuvuruga kazi yako.

Hatua za kuandaa mazingira ni zipi?

Tengeneza mazingira pepe nje ya folda ya Django, kisha usakinishe nakala yako kwa `-e`:

```
python3 -m venv ~/.virtualenvs/djangodev
source ~/.virtualenvs/djangodev/bin/activate
python -m pip install -e .
cd tests
python -m pip install -r requirements/py3.txt
./runtests.py
```

Hiyo `-e` ndiyo roho ya zoezi. Inaiambia Python isome msimbo kutoka kwenye folda unayoihariri. Ukiandika `pip install django` badala yake, unapata Django nyingine kutoka PyPI, ghala la vifurushi vya Python, na unaweza kuhariri mchana kutwa bila mradi wako wa majaribio kuona badiliko hata moja. Ukishuku hivyo, pima:

```
python -c "import django; print(django.__file__)"
```

Njia itakayochapishwa ikiwa na neno `site-packages`, umesakinisha isiyo yenyewe.

Angalia pia toleo la Python. Django 6.0 inataka Python 3.12 kwenda juu, na tawi la `main` halishuki chini ya hapo. Na kama usakinishaji wa `py3.txt` utaanguka, soma ni kifurushi gani kimekwama. Baadhi vinajengwa kwa lugha ya C na vinahitaji maktaba za mfumo. Hitilafu nyingi huonekana vizuri tu bila kifurushi hicho, na majaribio yanayokitegemea yatarukwa.

Majaribio yananigandisha kompyuta. Je, lazima niyaendeshe yote?

Si lazima. Ni maelfu kwa maelfu, na `runtests.py` kwa kawaida hutumia viini vyote vya prosesa kwa pamoja. Kwenye mashine ya RAM GB 4 hilo linaumiza. Mambo mawili yanasaidia. Punguza michakato: `./runtests.py --parallel=2`. Au endesha sehemu inayokuhusu tu:

```
./runtests.py forms_tests
./runtests.py template_tests.filter_tests
```

Hizi humalizika haraka. Mengine yote yataendeshwa na mashine za GitHub ukishafungua PR. Hifadhidata inayotumika usipoagiza nyingine ni SQLite, kwa hiyo huhitaji kusakinisha PostgreSQL wala MySQL kuanza.

Niandike nini kwanza, rekebisho au jaribio?

Jaribio. Kisha liendeshe *kabla* ya kurekebisha chochote na ulione likianguka. Wahakiki hufanya hivyohivyo: wanachukua jaribio lako, wanaliendesha kwenye `main` bila rekebisho lako, na likipita wanajua halipimi kitu.

Mwongozo rasmi wa Django una zoezi la kujifunzia, tiketi ya kubuni namba 99999, linalokutaka uongeze kitendakazi cha kutengeneza mkate wa kuoka. Ni mzaha, ila unapitia hatua zote halisi:

```
from django.shortcuts import make_toast
from django.test import SimpleTestCase

class MakeToastTests(SimpleTestCase):
    def test_make_toast(self):
        self.assertEqual(make_toast(), "toast")
```

Ukiliendesha jaribio hili kabla ya kuandika `make_toast()`, linaanguka kwa `ImportError`. Ukiongeza kitendakazi, linapita. Lifanye zoezi hilo jioni moja, bila kulisukuma popote, kabla ya kugusa tiketi ya kweli.

Kwenye kazi halisi, usifungue faili jipya la majaribio bila sababu. Tafuta darasa linalopima kitu hichohicho, uongeze mbinu moja ndani yake. Tumia `SimpleTestCase` kama huhitaji hifadhidata, `TestCase` kama unaihitaji.

Hitilafu ilianza kwenye toleo jipya, zamani ilikuwa sawa. Nitajuaje ilivunjwa wapi?

Kwa `git bisect`, ukiwa na historia kamili. Iambie komiti mbovu na komiti nzuri, kisha uipe amri ya jaribio kwa `git bisect run`, nayo itagawa nusu kwa nusu hadi ifike kwenye komiti iliyovunja. Namba ya komiti hiyo iandike kwenye tiketi. Hata usipoandika rekebisho lenyewe, huo tayari ni mchango.

Ujumbe wa komiti uandikwe vipi?

Kwa muundo huu, bila kubuni wako:

```
Fixed #12345 -- Corrected empty value handling in X filter.
```

Kitenzi kiko katika wakati uliopita, namba ya tiketi, vistari viwili, kisha maelezo yanayoishia kwa nukta. Mstari wa kwanza usizidi herufi 72. Neno *Fixed* halikuwekwa kwa mapambo: komiti ikiunganishwa, Trac huisoma namba na kuifunga tiketi. Kama kazi yako inagusa tiketi bila kuimaliza, andika `Refs #12345`. Namba hiyohiyo iwe kwenye kichwa cha PR, maana ndivyo Trac inavyoioanisha PR na tiketi.

Tawi nalo lipe jina la tiketi: `git switch -c ticket_12345`. Usifanye kazi juu ya `main` ya nakala yako. Siku ukitaka kuanza tiketi ya pili, utakuta zimechanganyika.

Nimefungua PR wiki tatu zilizopita. Hakuna aliyeigusa. Imekataliwa?

Karibu kila mara, hapana. Iko nje ya foleni.

Wahakiki wa Django hawazunguki kwenye orodha ya PR za GitHub wakichagua. Wanafungua foleni ya Trac, na foleni hiyo hujengwa na alama za tiketi. Kwa hiyo ukimaliza kufungua PR, rudi kwenye tiketi na uweke alama ya *Has patch*. Usipoiweka, kwa mfumo ule kazi yako haipo.

Sehemu ya pili ndiyo inayowameza watu wengi zaidi. Mhakiki anasoma, anatoa maoni, anaweka *Patch needs improvement*. Unarekebisha kila kitu usiku huohuo, unasukuma, unaandika "Done" kwenye GitHub, unakaa kusubiri. Alama ile bado imewekwa, kwa hiyo tiketi inaonekana kama inakusubiri *wewe*, nawe unamsubiri mhakiki. Dawa ni kubofya mara moja tu: ukimaliza marekebisho, nenda Trac, ondoa *Patch needs improvement*, na uondoe *Needs tests* au *Needs documentation* kama umezitimiza. Tiketi inarudi kwenye foleni papo hapo.

Usiiweke mwenyewe kuwa *Ready for checkin*. Hatua hiyo huwekwa na mtu mwingine aliyeihakiki.

Baada ya hapo ndipo subira inaanza. Wapo wachache wanaolipwa na Django Software Foundation kwa kazi hii, wanaitwa Fellows, nao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kupanga tiketi na kuhakiki. Wengine wote wanajitolea. Wakati unasubiri, hakiki PR ya mtu mwingine: ichukue, endesha majaribio yake, andika ulichokiona. Huhitaji ruhusa, na ni shule nzuri kuliko tiketi yako ya pili.

Alama nyekundu zimejaa kwenye PR yangu. Nimeharibu nini?

Soma jina la ukaguzi ulioanguka kabla ya kuingia hofu.

Kama ni `black`, `isort` au `flake8`, ni mpangilio wa msimbo tu. Sakinisha `pre-commit`, andika `pre-commit install` ndani ya folda ya Django, na kila komiti itakaguliwa kwako kwanza. Msimbo una kikomo cha herufi 88 kwa mstari, maoni na nyaraka 79.

Kama ni nyaraka, huenda ni tahajia. Ukaguzi wa Kiingereza hugomea neno lisilo kwenye orodha yake.

Kama majaribio yanapita kwenye SQLite na kuanguka kwenye PostgreSQL, shuku mpangilio wa rekodi. Hoja isiyo na `order_by()` haina ahadi ya mpangilio, na SQLite hukudanganya kwa kurudisha rekodi kama zilivyoingia. Weka mpangilio, au linganisha kwa `assertCountEqual`.

Na kama ukaguzi haujaanza kabisa na hii ni PR yako ya kwanza, GitHub inasubiri mtunzaji aubonyeze. Ni ulinzi wa kawaida dhidi ya wageni.

Nimeambiwa ni-rebase. Kwa nini `git pull` haitoshi?

Kwa sababu inaingiza komiti za muungano ndani ya tawi lako, na historia inakuwa haisomeki. Fanya hivi:

```
git fetch upstream
git rebase upstream/main
git push --force-with-lease origin ticket_12345
```

`--force-with-lease` ni salama kuliko `--force` tupu: inakataa kufuta kitu ambacho mtu mwingine alisukuma kwenye tawi hilo bila wewe kukiona. Usifunge PR na kufungua mpya kwa sababu ya migongano. Maoni yote ya mhakiki yatabaki kule kwa zamani na ataanza upya.

Nataka kurekebisha Kiswahili cha Django. Nihariri faili la `django.po`?

Hapana. Kiswahili kimo ndani ya Django, kwenye `django/conf/locale/sw`, lakini tafsiri hufanywa kwenye Transifex, tovuti ya kutafsiri kwa pamoja, na kuletwa kwa pamoja kabla ya matoleo. PR inayohariri `.po` utaambiwa uipeleke huko. Jiunge na timu ya Kiswahili ya Transifex. Faili za mpangilio wa tarehe na namba (`formats.py`) ndizo hupitia tiketi na PR kama msimbo mwingine.

Kiingereza changu si kizuri. Na je, nitumie akili bandia?

Maoni mafupi yanatosha: umebadilisha nini, kwa nini, umepimaje. Hakuna anayesahihisha insha.

Kuhusu akili bandia, kuitumia kukuelezea faili usilolielewa au kunyoosha sentensi ni sawa. Kutuma msimbo usioweza kuutetea si sawa. Mhakiki atauliza kwa nini umechagua njia hii badala ya ile, na jibu refu lililonakiliwa linajulikana kwa mstari wa kwanza. Fomu ya PR ikiuliza kama umeitumia, jibu ukweli.

Kuna malipo, au msaada wa kuelekezwa?

Kuchangia kwenyewe hakulipi. Djangonaut Space ni mpango wa bure wa wiki 8 unaokuweka na mwelekezi na wenzako wachache. Google Summer of Code na Outreachy hulipa posho, lakini huwa na ushindani na huangalia kama una michango iliyotangulia. Kumbuka barua pepe iliyo kwenye komiti zako hubaki hadharani milele, hivyo wezesha ile ya siri ya GitHub, inayoishia `users.noreply.github.com`, kabla ya komiti ya kwanza.

Nilichokiona kinaweza kuwa tundu la usalama. Nifungue tiketi?

Usifungue tiketi wala PR. Andika kwa security@djangoproject.com na usubiri. Tiketi iko wazi kwa kila mtu, wakiwemo wanaotafuta tovuti za kuvamia.

Rekebisho langu limeunganishwa. Mbona nikisasisha Django silioni?

Limeingia `main`, yaani toleo kubwa lijalo. Matoleo hayo hutoka takriban kila miezi 8. Kurudishwa kwenye toleo lililopo tayari ni kwa mambo mazito tu: upotevu wa data, programu kuanguka, usalama, hitilafu kubwa kwenye vipengele vilivyoletwa na toleo jipya lenyewe, na kilichokuwa sawa zamani kikavunjwa na toleo hilo. Ukitaka kujua limefika wapi, chukua namba ya komiti kama ilivyo kwenye `main`, maana ile ya tawi lako inaweza kuwa imebadilika wakati wa kuunganisha, kisha:

```
git fetch upstream --tags
git tag --contains NAMBA_YA_KOMITI
```

Orodha ikirudi tupu, halijatoka bado.